Tija si bidii, wala si uzalishaji

Hivi karibuni nilikaa katika semina ya wasimamizi wa viwanda vidogo, na karibu kila aliyeshika kipaza sauti alilitaja neno tija. Mmoja alishukuru kwa "mazungumzo yenye tija". Mwingine alieleza kwamba kiwanda chake kimeongeza tija kwa kuwa sasa kinafanya kazi hadi Jumapili. Wa tatu, kwa uchungu wa dhati, alisema Watanzania hatuna tija kwa sababu utamaduni wetu haupendi kazi. Matumizi ya kwanza nayavumilia, maana lugha ni mali ya wanaoisema. Ya pili ni kosa la hesabu. Ya tatu yanaumiza watu, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Tija ni uwiano kati ya kilichopatikana na kilichotumika kukipata: saa za kazi, ardhi, malighafi, umeme. Mkulima aliyevuna magunia 20 katika ekari mbili na mwenzake aliyevuna magunia 20 katika ekari moja wana uzalishaji ulio sawa, lakini tija ya yule wa pili kwa ekari ni maradufu. Kiwanda kilichoongeza Jumapili kikapata nguo zaidi kimeongeza uzalishaji. Ikiwa idadi ya nguo kwa saa haikubadilika, tija iko palepale, na ikiwa mafundi wamechoka hadi wanaharibu vitambaa, imeshuka.

Asili ya neno inasaidia kuelewa kwa nini tunachanganya. Tija limetokana na Kiarabu natija, yaani tokeo, na umbo hilo kamili bado limo katika kamusi zetu za Kiswahili. Huenda silabi ya kwanza ilidondoka kwa sababu sikio la Mswahili liliisikia kama kiunganishi, mtu akisema "kazi natija", msikilizaji akapokea "kazi na tija". Mzizi wenyewe katika Kiarabu unahusu kuzaa kwa mifugo, hasa ngamia, na natija ni kile kilichozaliwa. Wanamantiki nao wakalichukua kwa maana ya hitimisho linalozaliwa na hoja zilizotangulia. Sasa tazama neno uzalishaji: nalo limetoka kwenye zaa, kama vile mkunga anavyomzalisha mama. Waarabu wa leo wanautumia mzizi uleule kwa mambo yote mawili, intaji kwa uzalishaji na intajiya kwa tija. Kwa hiyo maneno haya mawili yamebeba picha moja ya uzazi, na si ajabu kwamba watu huyabadilishana. Ila mfugaji yeyote anaijua tofauti yake bila kufundishwa. Anapohesabu ndama waliozaliwa mwaka huu, anapima uzalishaji. Anapouliza ndama hao wamezaliwa na majike wangapi, na majike hao wamekula malisho kiasi gani, hapo ndipo anapima tija.

Bidii ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa ni sifa ya mtu, ilhali tija ni sifa ya kazi jinsi ilivyopangwa. Japani hutajwa katika kila semina kama taifa la wachapakazi, na ni kweli saa nyingi za ofisini huko zimewahi kuzua malalamiko hadi ya vifo vya uchovu. Hata hivyo, ukigawa thamani ya kinachozalishwa kwa saa za kazi, Japani imekuwa ya mwisho miongoni mwa nchi za G7, kundi la mataifa saba tajiri yenye viwanda, kwa miongo mingi. Nchi hiyohiyo, yenye utamaduni huohuo, ndiyo iliyozaa mfumo wa kupanga kazi wa kampuni ya magari ya Toyota, ambao viwanda vya dunia nzima vimeuiga.

Sisemi utamaduni hauna sehemu yake. Mholanzi Geert Hofstede alichambua madodoso zaidi ya 100,000 ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, akapima pamoja na mengine jinsi watu wanavyokubali tofauti ya madaraka kati ya mkubwa na mdogo. Alama kubwa ina maana ya kuikubali zaidi tofauti hiyo: Denmaki ilipata alama 18, Marekani 40, na Afrika Mashariki 64, ingawa kwa Afrika Mashariki aliziweka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia katika kapu moja, jambo ambalo Mhabeshi na Mzanzibari wote wawili wana haki ya kulishangaa. Lakini kiini chake tunakifahamu. Sisi ndio tuliolelewa kwa methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nimeliona hilo likifanya kazi, katika karakana moja ya kushona sare za shule. Binti aliyekuwa akishona kola aligundua tangu asubuhi kwamba kola zimekatwa fupi kwa sentimita moja. Aliyezikata ni mzee, ambaye binti alikuwa amemwamkia shikamoo saa moja kabla. Akaendelea kushona, akizivuta kola kwa vidole zifike, bila kuinuka kitini. Adhuhuri mashati 60 yakafumuliwa. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Mzee ameshakata, mimi nitasemaje?" Bidii yake ilikuwa kamili, na tija ya asubuhi ile ilikuwa sifuri. Msimamizi hakumkaripia. Aliweka utaratibu kwamba mzee mwenyewe apite kila saa akiuliza, "Wanangu, mmeona kasoro gani?" Kumjibu mkubwa anapouliza ni adabu, na mabinti wakaanza kusema. Utamaduni ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni nani anayeanza kuzungumza.

Huko Fremont, California, jambo kama hilo lilitokea kwa ukubwa wa kiwanda kizima. General Motors walikifunga kiwanda chao cha magari mwaka 1982, baada ya miaka ya migomo na utoro wa kutisha. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na sehemu kubwa ya walioajiriwa ni wafanyakazi walewale, chini ya chama chao kilekile cha wafanyakazi. Zamani mstari wa kuunganisha magari haukuruhusiwa kusimama hata kama gari limewekwa injini isiyo yake. Sasa kila mfanyakazi aliwekewa kamba juu ya kichwa chake, aivute akiona kasoro, na kiongozi wa kikundi aje kumsaidia badala ya kumfokea. Utoro ukashuka sana, na katika muda usiozidi miaka mitatu kiwanda kikawa miongoni mwa viwanda bora vya General Motors. Wamarekani wale hawakugeuka Wajapani.

Kwa hiyo ndugu yangu wa semina aliyeulaumu utamaduni wetu, ambaye najua anaipenda nchi yake, namwomba jambo moja dogo la kisarufi. Neno tija linapopima kitu, lifuatwe na "kwa": tija kwa saa, kwa ekari, kwa fundi, kwa kilo ya pamba. Akisema "nguo kwa saa katika kiwanda changu ni chache", tutaweza kwenda naye kuuangalia mstari wake wa kushona na kuuliza nani aliupanga hivyo, na nani pale anaruhusiwa kusema kola ni fupi.