Kazi ya siku mbili iliyokaa wiki tatu: dhana potofu kuhusu ratiba za miradi ya programu

Kwenye ubao wa ofisi yetu hapa Dar es Salaam palikuwa na karatasi ya njano iliyoandikwa: "Kuunganisha malipo ya simu, siku 2." Kijana aliyepewa kazi hiyo aliianza Jumatatu asubuhi, na Jumanne jioni alishamaliza. Karatasi haikubanduka. Barua ya kuomba akaunti ya malipo ilihitaji sahihi ya mkurugenzi wa upande wa mteja, naye yuko Dodoma kikazi. Sahihi ilipopatikana, kampuni ya simu ikataka anwani ya seva yetu, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, iandikishwe kwao kwanza. Malipo ya kwanza ya kweli, shilingi 500 kutoka simu yangu mwenyewe, yalipita siku ya 21.

Mteja aliamini vijana wetu ni wazembe. Bosi aliamini tulimdanganya kwenye makadirio. Wote wawili walikosea, na nimeshayaona makosa hayohayo kwenye miradi mingine mingi.

Dhana: Jumlisha saa za kila kazi, utapata tarehe ya kumaliza

Saa za kazi ni kitu kimoja, siku za kalenda ni kitu kingine. Kazi yetu ya malipo ilikula saa zisizofika 16 ndani ya siku 21. Muda wote uliobaki ulikuwa wa kusubiri. Ratiba inayoorodhesha kazi bila kuorodhesha kusubiri ni nusu ratiba. "Kusubiri sahihi ya mkurugenzi" kunastahili mstari wake, jina la anayefuatilia na tarehe ya kuanza, na tarehe hiyo iwe siku ya kwanza ya mradi, kabla hata herufi moja ya msimbo, yaani maagizo ya programu, haijaandikwa. Mpishi analijua hili bila kufundishwa: maharage hutangulia jikoni, kachumbari hukatwa wageni wakishaketi.

Jambo hili lina hesabu yake ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa kampuni ya kompyuta ya Remington Rand walibuni mbinu ya kutafuta mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazotegemeana. Karibu wakati huohuo Jeshi la Majini la Marekani lilitengeneza mbinu yake, PERT, kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris. Mnyororo huo ndio unaoamua tarehe. Ukiharakisha kazi isiyokuwemo humo, hujaokoa hata siku moja. Sisi tulikuwa na vijana wawili wanakesha kupamba ukurasa wa kuingilia, huku mnyororo wenyewe umekwama kwenye barua isiyo na sahihi.

Dhana: Tukichelewa, tuongeze watu

Hii ndiyo dawa ya kwanza kutajwa kwenye kila kikao cha dharura. Fred Brooks aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Mwenyewe alikiri kwamba amerahisisha mno, lakini sababu zake bado zinasimama. Mgeni hafiki akiwa anaujua mfumo. Anayemfundisha ni yuleyule uliyekuwa unamtegemea amalize kazi. Kisha njia za mawasiliano huongezeka kuliko watu wenyewe: watu 3 wana jozi 3 za kuzungumza, watu 5 wana 10, watu 8 wana 28.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kwenye programu hata mabaharia wakizidi, chombo huyumba.

Si kila kazi iko hivyo, lakini. Kama kilichobaki ni kuingiza taarifa za wateja 4,000 kutoka kwenye madaftari, leta watu hata kumi, kazi inagawanyika. Swali ni kama mtu mpya anaweza kufanya sehemu yake bila kuuliza kitu kila baada ya nusu saa.

Dhana: Asiye na kazi mkononi anapoteza fedha ya ofisi

Hapa nimegombana na mabosi watatu tofauti, na sijashinda hata mara moja.

Chukua fundi mmoja anayekagua msimbo wa wenzake kabla haujaingia kwenye seva. Kwenye mfano rahisi kabisa wa hesabu za foleni, kazi zikiingia bila mpangilio maalumu na yeye akiwa ameshikika asilimia 50 ya muda wake, kila kazi husubiri kwa wastani muda sawa na ule wa kuikagua. Akishikika asilimia 80, kusubiri kunakuwa mara 4 ya ukaguzi. Asilimia 90, mara 9. Asilimia 95, mara 19. Ukaguzi wa saa moja unageuka siku mbili na zaidi za kazi, na hakuna aliyezembea. Barabara iliyojaa magari mwanzo hadi mwisho inatumika kikamilifu, ila hakuna anayefika.

Kwa hiyo yule dada ambaye siku nyingine anaonekana amekaa tu saa kumi jioni, pengine ndiye anayeufanya mradi utembee. Kumpachika mradi wa pili "kwa kuwa ana nafasi" ndiko kunakozaa foleni. Mjazie kazi uone.

Dhana: Mzoefu hakosei makadirio

Hukosea, na akiulizwa tena hukosea kwa kujiamini. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliupa udhaifu huu jina, "planning fallacy", mwaka 1979: mtu akipanga kazi yake huiona ikienda vizuri tu. Roger Buehler na wenzake walichapisha mwaka 1994 utafiti wa wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu. Kwa wastani walitabiri siku 33.9. Walipoambiwa wakadirie kama kila kitu kingeharibika, walisema 48.6. Walitumia 55.5. Yaani hata hofu yao ilikuwa na matumaini kupita kiasi.

Kinachosaidia ni daftari. Usimuulize fundi "hii itachukua muda gani?" Fungua ukurasa wa kazi tatu zilizofanana na hiyo, soma zilianza lini na ziliisha lini, kusubiri ndani yake. Baada ya mradi ule, kazi yoyote ya malipo ya simu tunaiandika wiki tatu. Wateja hununa. Kwetu hilo ni afadhali.

Dhana: Agile maana yake hakuna kupanga

Agile ni mtindo wa kutengeneza programu kidogokidogo, kwa vipindi vifupi. Watu 17 walioutangaza, waliokutana Snowbird, Utah, Marekani, Februari 2001, waliandika kwamba wanathamini kuitikia mabadiliko kuliko kufuata mpango, wakaongeza kwamba hicho cha pili nacho kina thamani. Wengi huishia kwenye nusu ya kwanza. Kupanga kila wiki mbili ni kupanga kwingi zaidi, si kuchache.

Dhana: Programu ya ratiba inajua kalenda

Inajua ya kwake. Mwenzetu mmoja aliyeko Ulaya alisoma ujumbe wa "kesho saa 3" akadhani ni saa tisa alasiri yetu. Sisi tulimsubiri tangu asubuhi, saa tatu kamili, seva imezimwa kwa matengenezo. Tangu hapo tunaandika 09:00, hata tukizungumza vingine.

Halafu kuna Idd. Mwaka mmoja programu ilituwekea uzinduzi siku ya kazi kama siku nyingine, ikiwa imehesabu Ramadhani ya siku 29. Jioni ya mwezi 29 mteja akapiga simu kuuliza kama tarehe ya uzinduzi bado ipo palepale. Vijana wangu walishatoka nje, wamesimama barazani wanatazama magharibi. Nikamwambia kazi zote zimekwisha, tunasubiri mwezi.