Luigi na bomba lisiloonekana

Wanafunzi wapya wakifika kwenye darasa langu la dansi hutaka kuruka siku hiyohiyo. Mimi nawasimamisha tu. Miguu sambamba, mikono pembeni, chini kidogo ya mabega, viganja vikitazama sakafu. Kisha nawaambia: gandamizeni. "Tugandamize nini, mwalimu? Mbona hakuna kitu?" Hapo ndipo ninapoanza kuwasimulia habari za Luigi, mwalimu wa dansi ya jazi.

Jina lake la kuzaliwa ni Eugene Louis Faccuito. Alizaliwa tarehe 20 Machi 1925 huko Steubenville, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Ohio, Marekani, kwenye familia ya asili ya Kiitaliano iliyojaa watoto. Aliimba na kucheza tangu utotoni. Vita Kuu ya Pili vikampeleka jeshi la majini, na vilipokwisha akaenda Los Angeles kusomea dansi. Mwaka 1946 akapata ajali ya gari. Alirushwa nje, kichwa kikapiga ukingo wa barabara, fuvu likapasuka. Alipozinduka, upande mmoja wa mwili ulikuwa umepooza, sehemu ya uso nayo imelegea, na macho yanaona kila kitu viwiliviwili. Alikuwa na miaka 21. Madaktari hawakutegemea kwamba angetembea tena.

Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba alisikia sauti ndani yake ikimwambia asiache kusogea. Akaanza kujinyoosha, kidogo kidogo, kisha akarudi kwenye madarasa ya baleti akiwa bado anaanguka.

Fikiria tatizo lake. Mcheza dansi husimama wima kwa kutegemea macho, miguu, na hisia ya mwili kujua kiungo gani kiko wapi. Luigi macho yalimdanganya na upande mmoja haukumtii. Kilichobaki ni ile hisia ya ndani. Kwenye baleti kuna bomba lililofungwa ukutani la kushikilia wakati wa mazoezi. Ukiliachia, unabaki na mizani yako. Luigi akajitengenezea bomba la hewa. Aligandamiza viganja chini kana kwamba kweli kuna kitu pale, na mwili ukainuka.

Jaribu sasa hivi ulipo. Ukigandamiza chini kwa dhati, misuli mipana ya mgongo, ile inayoishia chini ya kwapa, inakaza na kuyashusha mabega. Shingo inarefuka. Tumbo linajivuta ndani, kiuno kinatulia, na kiwiliwili kinakuwa kitu kimoja. Mguu ukiinuka, huyumbi ovyo. Mimi nimejifunza mitindo kadhaa, na sijakutana na zoezi jingine linalofundisha mengi hivi kwa harakati ndogo hivi.

Miaka michache tu baada ya ajali alikuwa akicheza kwenye filamu za Hollywood. Gene Kelly, nyota wa dansi katika filamu, ndiye aliyempa jina la Luigi, wakati wa kutengeneza "On the Town" iliyotoka mwaka 1949, kwa kuwa Eugene kwa kifupi ni Gene, na Gene wawili mahali pamoja walileta mkanganyiko. Alionekana pia katika "An American in Paris" na "Singin' in the Rain". Lakini kwangu mimi jambo kubwa lilitokea kamera zikiwa zimezimwa. Mwili wake ukipoa ulikuwa unakakamaa, kwa hiyo kila kulipokuwa na mapumziko alijinyoosha. Wenzake wakaona, wakajipanga nyuma yake wakimfuatisha. Ualimu wake ulianzia hapo.

Mwaka 1956 alikwenda New York kucheza katika tamthilia ya muziki ya Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho, "Happy Hunting", akabaki huko kufundisha. Waigizaji na waimbaji Liza Minnelli na Ben Vereen ni miongoni mwa waliopita mikononi mwake. Hata ile hesabu ya kuanzishia dansi, "tano, sita, saba, nane", wengi humtaja yeye kuwa ndiye aliyeieneza.

Huwa nakereka nikisoma kwamba Luigi ndiye aliyeanzisha dansi ya jazi. Dansi hiyo ni ya Wamarekani Weusi, ilichezwa kwenye kumbi kama Savoy pale Harlem, mtaa wa Weusi wa New York, Luigi alipokuwa bado mtoto, na hata kwenye jukwaa na filamu mtunga dansi Jack Cole alimtangulia. Kumpa Luigi sifa hiyo ni kuwanyang'anya wenyewe. Alichofanya yeye ni kupanga somo: mfululizo wa mazoezi wenye mwanzo na mwisho, unaofuata muziki, ambao mtu mwenye mwili wa kawaida au ulioumia anaweza kuurudia kila siku bila kujidhuru. Kabla yake walimu wengi wa jazi walifundisha hatua moja kwa moja. Yeye alifundisha mwili kwanza, na alisisitiza kwamba harakati ihisiwe ndani kabla haijaonekana nje.

Wanafunzi huniuliza kama alipona kabisa. Hapana. Macho hayakurudi sawa, na alama za kupooza zilibaki usoni. Alifundisha hivyohivyo hadi uzeeni. Alifariki New York tarehe 7 Aprili 2015, wiki chache baada ya kutimiza miaka 90, na mwanafunzi wake Francis Roach ameendelea kufundisha mfululizo uleule.

Nikimaliza kusimulia, nawarudisha wanafunzi kwenye nafasi zao. Mikono pembeni. Gandamizeni. Kuna siku darasa zima linanyamaza, na ukiwa mbele yao unaona mabega ishirini yakishuka pamoja.