Maoni Yenye Faida Si Lazima Yawe Marekebisho

Waandishi chipukizi wengi hapa Kigoma huamini kwamba maoni yenye faida ni yale yanayoeleza namna ya kurekebisha hadithi, ilhali msomaji, hata asiyewahi kuandika, hutusaidia zaidi anapotuonyesha mahali alipopotea. Niliwapa wenzangu hadithi ya wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, mmoja akashauri nimuue nahodha, mwingine akauliza tu, “Karabai imezimika saa ngapi, mbona nahodha bado anaona nyavu?” Swali hilo, ambalo nalithamini hadi leo, lilifichua aya niliyokuwa nimeifuta bila kujua. Unapoomba maoni, usiulize kama kazi ni nzuri, maana adabu itamfanya mtu akusifu. Uliza ni sentensi ipi iliyomlazimu kurudi nyuma na kusoma tena.