Kasha kuukuu la gitaa lisilo na jina: anza kulisoma kwa ndani

Watu wakifukua stoo za nyumba za Mji Mkongwe, au wakigawana mirathi huko Wete na Chake, mara nyingine hutokeza kasha la gitaa lenye ganda gumu. Limefuata umbo la gitaa lenyewe, halina jina la kiwanda, halina risiti. Aghalabu linatufikia sisi wahifadhi likiwa tayari na jawabu: ni la Mjerumani, au ni la tangu zama za Mfalme, yaani Sultani wa Zanzibar. Jawabu hilo tunaliandika, maana simulizi ya mwenye mali nayo ni ushahidi. Kisha tunaliweka pembeni na kulifungua kasha.

Nazungumzia makasha ya kalibu, ambayo ganda lake limetolewa zima, si yale ya plaiwudi iliyoungwa na kuvishwa reksini. Kasha la plaiwudi lina pembe na maungio ya kuonyesha mkono wa fundi. La kalibu halina. Lakini lilitengenezwa kwa ajili ya mwili wa umbo moja maalumu, na nafasi ya mwili huo bado imo ndani.

Chukua tepu laini ya fundi cherehani upime mahali panne: upana wa chini palipo pana zaidi, upana wa kiunoni, urefu wa nafasi ya mwili hadi inapoanzia shingo, na kina. Upana wa chini peke yake unamaliza ubishi mwingi. Gitaa la klasiki, la nyuzi za nailoni, lina kama sentimita 36 hadi 37 hapo. Gitaa kubwa la nyuzi za chuma liitwalo dreadnought, ambalo kampuni ya C. F. Martin ya Marekani ilianza kulitoa kwa jina lake mwaka 1931, lina karibu sentimita 40, urefu wa mwili karibu 51 na kina kinachopita 12. Kiuno chake ni kinene, hakikubanwa kama cha klasiki. Ukikuta 43, hilo ni la jumbo, gitaa pana kuliko dreadnought. Kasha halibani chombo moja kwa moja, kwa hiyo kipimo chako kitazidi kidogo.

Na kama halina kiuno? Swali hili hapa kwetu lisirukwe. Kikundi cha Akhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na taarab ya mji huu imepigwa kwa udi, qanuni na fidla kwa vizazi. Kasha pana chini, jembamba juu, lisilo na mbonyeo ubavuni, tena lenye nafasi ya kichwa iliyopinda kuelekea nyuma, ni la udi, hata kama nyumbani limeitwa la gitaa miaka yote. Lipo na kasha la kuchanganya akili: kiuno kina, ila upande wa chini limevimba. Hilo huenda ni la gitaa la Ovation, kampuni ya Marekani iliyoanza katikati ya miaka ya 1960 kutengeneza magitaa yenye mgongo wa mviringo usio wa mbao. Gitaa la mgongo bapa ukililaza humo linayumba.

Kabla hujatoa mkono ndani, tazama mahameli. Chombo kilicholala mahali pamoja kwa miaka huacha alama: mkandamizo wa daraja la nyuzi, vishimo vya vigingi vya kukazia, mistari ya kutu chini ya nyuzi. Alama hizo zisipokutana na gitaa lililomo leo, basi kasha na gitaa vilikutana baadaye. Hilo ni jambo la kawaida kabisa na wala si aibu ya mtu, ila bei ya gitaa isipandishwe kwa sababu ya kasha, wala ya kasha kwa sababu ya gitaa.

Sasa ganda. Anayejua boti za faiba hahitaji somo refu: faiba huwa laini na yenye kung'aa upande uliolala kwenye kalibu, na upande wa pili ina ukavu na nyuzi za kioo zinazoonekana. Tafuta pembe ambapo kitambaa kimebanduka uchungulie, lakini usipige msasa, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Makasha ya faiba yalitengenezwa kwa mkono, ndiyo maana unene wake haulingani. Mtengenezaji makasha Calton wa Uingereza alikuwa akiyatengeneza tangu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Plastiki ya ABS ni habari nyingine. Karatasi yake hupashwa moto ikalainika, ikavutwa kwa ombwe juu ya kalibu. Mahali ilipovutika sana, yaani kwenye kona na mikunjo, hubaki nyembamba, na ndipo nyufa huanzia. Ukibonyeza kwa kidole utahisi tofauti. Kampuni ya SKB ya California, mojawapo ya zinazojulikana sana kwa makasha ya aina hii, ilianza mwaka 1977. Hiscox wa Uingereza walikuja miaka ya 1980 na ganda la ABS lililotiwa povu gumu kwa ndani. Martin nao katika miaka ya 1970 walitoa magitaa ndani ya makasha ya plastiki ya rangi ya buluu ambayo wakusanyaji wanayatambua kwa mbali.

Hapo zile hadithi za zama za Mfalme huanza kupwaya. Sultani Khalifa bin Haroub alifariki mwaka 1960. Kasha la SKB haliwezi kuwa zawadi yake, hata msimuliaji awe mzee wa kuheshimika kiasi gani. Mara nyingi mzee hakusema uongo: gitaa ndilo lililopewa babu, na kasha lilinunuliwa miaka mingi baadaye, lile la kwanza lilipooza.

Vifaa vidogo ndivyo vinavyotoa tarehe, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine. Kanuni yake ni kwamba kasha haliwezi kuwa kongwe kuliko kipande chake cha asili kilicho kipya zaidi. Skrubu za kufunguliwa kwa bisibisi ya nyota zilipewa hataza Marekani mwaka 1936, kwa hiyo kasha lililofungwa kwa skrubu hizo tangu kiwandani ni la baada ya hapo. Velkro kwenye kifuniko cha kijisanduku cha ndani inalisogeza hadi nusu ya pili ya miaka ya 1950 au baadaye, na sponji ya poliurethani vilevile. Plastiki iliyomiminwa kwa shinikizo, hasa vishikio na vifungio, mara nyingine huwa na duara dogo lenye tarakimu na mshale katikati: huo ni mwezi na mwaka kipande kilipotoka kwenye kalibu. Alama yenyewe ni ndogo sana, na wengi huipita.

Neno zito katika kanuni hiyo ni "cha asili". Hewa ya chumvi hula vifungio vya chuma kilichochovywa nikeli, na mafundi wetu hawakosi dawa. Bawaba ya sanduku la nguo, komeo la shaba lililobaki kwenye kazi ya masanduku ya Kizanzibari, ribiti za viatu, vyote nimewahi kuvikuta kwenye makasha ya magitaa. Tafuta matundu matupu kando ya kifungio cha sasa. Pitisha sumaku: shaba haivutwi, chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinavutwa. Marekebisho hayo usiyang'oe ili kulirudisha kasha "lilivyokuwa". Kwangu mimi komeo la fundi wa hapa ni historia sawa na nembo ya kiwanda, na pengine ni adimu zaidi.

Maandishi ya nchi yakiwepo, jina la nchi lina umri wake. Ujerumani Magharibi ni kati ya 1949 na 1990. Herufi GDR, yaani Ujerumani Mashariki, ni miaka hiyo hiyo. Umoja wa Kisovieti unaishia 1991, Chekoslovakia mwisho wa 1992, na maneno ya Japani iliyokaliwa hayavuki 1952. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mapema mwaka 1964, na wataalamu wake wakaja, wakiwamo waliojenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani. Huko kwao mji wa Markneukirchen ulikuwa na kiwanda cha Musima kilichotoa magitaa mengi. Kwa hiyo "kasha la Mjerumani" ni dhana yenye miguu, lakini bado inahitaji herufi, karatasi au picha ya kuithibitisha.

Lebo za safari zinasomwa kivingine. Kipande cha tiketi ya mzigo cha East African Airways kinaeleza kwamba kasha lilisafiri kabla ya shirika hilo kufa mwaka 1977. Hakielezi lilizaliwa wapi. Gazeti lililobandikwa chini ya kitambaa kama kiraka lina tarehe ya ukarabati, na hiyo pia tunaihitaji, basi lisibanduliwe.

Watu huuliza bei mwishoni, kwa haya. Kasha tupu la kalibu lisilo na jina halina soko kubwa, na anayekuahidi mamilioni anataka kilichomo ndani. Liwe na jina la mwanamuziki lililokwaruzwa kifunikoni, au picha ya ukumbini linakoonekana, hapo tunazungumza mengine.

Kuhusu usafi: thina na asetoni huyeyusha ABS, petroli isikaribie. Kitambaa chenye unyevu kidogo na tone la sabuni kinatosha kwa ganda. Usilianike juani, plastiki hupauka na kuwa kavu ya kuvunjika. Vidonge vya kafuri vya kabatini visitiwe ndani, mvuke wake hudhuru baadhi ya plastiki. Sponji iliyogeuka unga wa kunata haiponi. Litoe gitaa humo mara moja, kwani unga huo hung'ang'ania vanishi. Mkanda wa begani wa plastiki laini nao usiachwe umegusa gitaa. Ukungu ufutwe nje ya nyumba, na barakoa usoni, na wakati wa masika kasha lisikae sakafuni wala kusukumwa hadi ukutani.

Ukitaka tukusaidie kulitambua, piga picha ukiwa kwenye mwanga wa kivulini: kasha limefungwa, limefunguliwa, bawaba, kichwa cha skrubu moja, kifungio kwa karibu, na kila herufi au tarakimu hata iliyofutika nusu. Andika vile vipimo vinne kwa sentimita, na nani alilileta nyumbani, kutoka wapi, kwa kadiri mnavyokumbuka. Lebo ikianza kubanduka usiigandishe kwa gundi wala selotepu. Itie kwenye bahasha ya karatasi, uandike juu yake ilikuwa imebandikwa upande gani.