Watoto na elimu ya afya mtaani: maswali ambayo wazazi huuliza

Haya ni maswali ambayo wazazi na walimu wa Nyalenda, Manyatta na Obunga hapa Kisumu huuliza kila tukianza kuongea na watoto mambo ya afya, na nimeyajibu vile tunaongea.

Kwani mbona mfundishe mtoto wa gredi ya nne badala ya mamake?

Mama pia anafundishwa, hakuna mtu amemtoa. Lakini angalia ploti ya kawaida Obunga saa sita mchana. Mama ako sokoni ama ameenda kufulia watu nguo, aliyebaki na mtoto mdogo ni dadake wa miaka kumi, yeye ndiye anateka maji kwa kioski, anapasha uji, anamwosha akiendesha, yaani akiharisha. Ukifundisha mama peke yake umefundisha mtu ambaye saa ile mambo yanaharibika hayuko nyumbani. Na si fikra mpya hii, mwaka wa 1978 daktari David Morley na wenzake kule London walianzisha mpango wa Child-to-Child, yaani mtoto kwa mtoto, wakijiandaa kwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979, na walianzia hapo hapo: kwa familia nyingi maskini walezi wa watoto wadogo ni watoto wakubwa.

Mnawafundisha aje, nyimbo tu?

Nyimbo ni sawa, ila wimbo wa kunawa mikono kwa shule ambayo mfereji umekauka ni mchezo. Vile inafaa kwenda ni watoto wachague shida moja, waende wakaidadisi mtaani, warudi waongee walichokiona, wapange kitu cha kufanya, wakifanye, halafu baadaye waangalie kama kuna kimebadilika. Hapo kwa kudadisi ndio utamu uko. Waambie wahesabu kwa ploti yao ni vyoo vingapi viko na maji na sabuni karibu, na utaona wenyewe wanaanza kuuliza mbona watoto wadogo wanaendesha kila mvua ikinyesha.

Lakini sikizeni walimu, hesabu ni ya ploti nzima. Usikubali mtoto asimame mbele ya darasa aseme choo cha mama fulani ni kichafu, manake hiyo habari itafika kwa huyo mama kabla ya jioni na mtoto hatarudi tena kwa klabu ya afya, na mimi simlaumu mamake akimkataza.

Na kama hakuna pesa ya sabuni?

Basi anza na hiyo, si na somo la vijidudu. Tia kijiko kidogo cha sabuni ya unga kwa chupa ya soda, jaza maji, tikisa, toboa kifuniko. Inakaa siku nyingi, tena hakuna mtu ataiiba vile kipande cha sabuni huibiwa. Maji nayo, wafundishe kutengeneza kibuyu chirizi: jerikeni ya lita tano yenye tundu karibu na juu, inaninginizwa kwa kijiti, kamba inashuka hadi kwa kijiti kingine chini unachokanyaga, jerikeni inainama maji yanachirizika, hakuna haja ya kushika kitu na mkono mchafu. Watoto wa miaka tisa wanaitengeneza wenyewe.

Mtoto anaweza kumpa mdogo wake dawa?

Hapana. Hata ile ya kuendesha ya chumvi na sukari asichanganye peke yake. Kipimo ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, na chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mdogo. Paketi ya ORS, ile ya unga wa chumvi na sukari uliopimwa tayari, ni bora, ila mtu mzima asome kwanza maana kuna za nusu lita na za lita moja, na aulize pia zinki, ambayo hutolewa siku 10 hadi 14 hata kama kuendesha kumeisha.

Kazi ya mtoto ni kujua dalili na kuita mtu haraka: macho yameingia ndani, mdomo mkavu, hajakojoa muda mrefu, analegea, anatapika kila kitu, kuna damu kwa choo. Homa pia asingoje jioni, amwite mhudumu wa afya wa kijiji, wengi wao hapa wanapima malaria kwa tone la damu.

Mnawakataza ziwa, na hii joto ya Kisumu?

Kukataza tu hakufanyi kazi, sembuse wakati ni wewe mzazi unamtuma ufuoni Dunga na mtungi. Kichocho kinaingia kwa ngozi, kutoka kwa konokono wadogo walio kwenye maji, na hao konokono wanaambukizwa na sisi tukijisaidia karibu na ziwa. Kwa hivyo mfundishe aelewe mzunguko wote, choo ndio kinga. Maji ya kuoga yakikaa kwa ndoo yenye mfuniko siku moja hadi mbili, bila konokono ndani, vile viluwiluwi vya kichocho vinakufa. Kunywa ni lazima uchemshe ama utie dawa. Na siku ya dawa za minyoo na kichocho shuleni asikose.

Akianza kumkosoa dani yake, yaani nyanya, je?

Itakuwa vita. Sisi huwaambia waulize na waombe: "Dani, naomba nikunawishe kabla ya kula." Nyanya wengi wanakubali.

Kuna kitu kidogo anaweza kukumbusha?

Tarehe za kliniki. Chanjo ya malaria ilianza Kenya Septemba 2019 kule Homa Bay, inapewa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24, na ile ya miezi 24 inasahaulika sana kwa sababu mtoto tayari anakimbia na mama hana tena sababu ya kwenda kliniki. Mtoto wa shule anajua kusoma kalenda. Mpe kile kitabu cha kliniki cha mdogo wake, aandike tarehe ukutani na makaa.