Programu Huria za Kuiga Ishara za Reli: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Tangu treni za geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 1,435 zilipoanza kubeba abiria kutoka Miritini mwaka 2017, wapenzi wa ile reli ya zamani ya geji ya mita moja wamekuwa na haki ya kuuliza ni kipi kihifadhiwe. Wengi hutaja injini na majengo. Kwa maoni yangu, kilicho rahisi zaidi kupotea ni utaratibu wa ishara, yaani kanuni zilizozuia treni mbili kukutana uso kwa uso, na ndiyo maana ni muhimu tuzielewe sawasawa programu zinazoiga vibanda vya ishara vya kale, yaani vyumba vya kando ya njia ambamo mtumishi wa reli aliendesha ishara.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba programu hizi ni michezo ya kuendesha treni. Programu ya Open Rails ndiyo humweka mtu kwenye kiti cha dereva. Uigaji wa kibanda cha ishara humweka mbele ya kengele na safu ya nyenzo za chuma, yaani mikono mirefu inayovutwa ili kugeuza ishara, mahali ambapo treni husikika kwa milio kabla haijaonekana. Katika desturi ya Uingereza, mlio mmoja huita usikivu wa kibanda jirani, milio mitatu ikifuatwa na mmoja huomba njia kwa treni ya abiria inayosimama kila stesheni, miwili hutangaza kwamba treni imeingia kwenye kipande cha njia, na miwili ikifuatwa na mmoja hutangaza kwamba imetoka. Kibanda cha St Albans South, kilichojengwa mwaka 1892, kimehifadhiwa kando ya njia inayotumika hadi leo, ingawa nyenzo zake haziongozi tena treni yoyote. Kibanda cha namna hiyo kikiwekewa swichi ndogo chini ya kila wenzo na kompyuta inayojibu kengele kwa niaba ya majirani wa pande zote mbili, mgeni anaweza kufanya kazi ya zamu nzima kwa ratiba halisi bila treni hata moja.

Wengine husema kwamba usalama uliletwa na kompyuta, na kwamba zamani kila kitu kilitegemea umakini wa mtu. Sivyo. Mwingereza John Saxby alipata hataza ya mfumo wa kuunganisha ishara na pointi (sehemu za reli zinazohamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine) mwaka 1856, na baada ya ajali ya treni ya Armagh, Ayalandi, ya mwaka 1889 sheria ya Uingereza ililazimisha mifumo ya kufungana kwa nyenzo kwenye njia za abiria. Chini ya sakafu ya kibanda kuna vyuma vyenye pengo na meno, na wenzo wa ishara haukubali kuvutwa mpaka pointi ziwe zimewekwa upande unaofaa na kufungwa. Kanuni hizo zote huandikwa katika jedwali: ikiwa wenzo wa 4 unafunga wa 9, basi wa 9 nao lazima ufunge wa 4. Programu nzuri huanza kwa jedwali hilo, wala haibuni mantiki yake yenyewe. Kibanda cha Severn Bridge Junction huko Shrewsbury kina nyenzo 180, hivyo kina jozi 16,110 za nyenzo za kukaguliwa. Kompyuta huweza kuzipitia zote upya kila mara msimbo wa programu unapobadilishwa, kazi ambayo ingemchosha mkaguzi yeyote.

Neno huria nalo hudhaniwa kuwa na maana ya bure. SimSig, programu nyingine ya kuiga kazi ya ishara, ina sehemu zisizolipiwa, lakini msimbo wake haukuwekwa wazi. JMRI, inayotumiwa na wenye reli za mfano, husambazwa kwa GPL, leseni ya programu huria, na mtu yeyote anaweza kusoma jinsi inavyoamua ishara iwe nyekundu au kijani. Hata hivyo, uwazi huo haumpi mtu ruhusa ya kuiunganisha na njia ya treni za kweli, kwa kuwa mifumo ya namna hiyo huthibitishwa kwa viwango vikali kama kile cha Ulaya cha programu za reli, EN 50716, kilichochukua nafasi ya EN 50128.

Inadhaniwa pia kwamba tukipakua uigaji wa kibanda cha Uingereza na kubadilisha majina ya stesheni kuwa Changamwe, Mazeras na Mariakani, tutakuwa tumehifadhi historia yetu. Hapa ndipo kosa lingekuwa kubwa zaidi. Msingi wa njia moja, inayotumiwa na treni za pande zote mbili, ni uleule popote: mwaka 1878 Mwingereza Edward Tyer alibuni mashine mbili zilizounganishwa kwa umeme, kila moja katika stesheni yake, ili kibao kimoja tu, ambacho ndicho kibali cha dereva, kiweze kutolewa kwa wakati mmoja na treni moja tu iwe njiani. Lakini mpangilio wa njia za kupishana, masharti ya kila stesheni na maneno ya vitabu vya kanuni lazima vitoke kwenye michoro ya hapa na kwa stesheni masta wastaafu wa hapa. Mzee aliyefanya kazi hiyo aulizwe ni wenzo upi aliouvuta kwanza, alifanya nini mashine ilipokataa kutoa kibao, na aliandika nini kwenye daftari la treni, kisha majibu yake yaingie kwenye jedwali kabla mstari wa kwanza wa msimbo haujaandikwa.