Mbeleko, mkaa na mafuta ya taa: tunayoyaamini tunapopeleka watoto kambini na mtoni

Mtumbwi wa injini ulikuwa unajaza abiria pale Matema, kando ya ziwa Nyasa, asubuhi moja ya Agosti, na mama mmoja akapanda na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Mbeleko imekazwa barabara, fundo kifuani. Nahodha akampa jaketi la kujiokolea. Akalivaa kwa mbele tu, mikono imepita, mikanda inaning'inia, maana nyuma kuna mtoto. Sisi tuliokwisha kukaa tukaona huyo mtoto yuko salama kuliko sote. Wangu watatu wamekulia mgongoni. Kama kuna mahali mtoto hadondoki, ni hapo.

Aliyekataa ni mzee mvuvi aliyekuwa anashona nyavu zake ufukweni. "Mama, mfungue huyo. Mkianguka, utaelea wewe, yeye atakuwa chini yako." Hakurudi kwenye nyavu mpaka mbeleko ilipofunguliwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama upya mambo tunayoyafanya kwa mazoea. Mengi ni ya kweli kabisa nyumbani. Tukiyabeba pamoja na watoto mpaka kwenye hema au kwenye maji, yanageuka.

"Mgongoni pa mama ndipo salama"

Jaketi zuri la kujiokolea linamsaidia aliyelivaa alale chali, uso juu. Sasa mama akilala chali majini, aliyeko mgongoni uso wake uko wapi? Na khanga ikilowa fundo linakaza. Jaribu kulifungua kwa vidole vya baridi huku unatapatapa. Mtoto avae jaketi lake mwenyewe, akae mbele, kati ya magoti ya mzazi, ashikwe kwa mkono. Asifungwe. Wapo wanaomfunga mtoto kamba kwenye ubao wa mtumbwi ili asidondoke. Mtumbwi ukipinduka, ubao unakuwa juu yake.

Kulipima jaketi hakuhitaji mtaalamu. Mvalishe, funga kila mkanda, kisha lishike mabegani umnyanyue kidogo. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa; majini litampita kichwani na kuelea peke yake. Ya watoto wadogo yawe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Kama chombo kina ya watu wazima tu, mtoto hapandi. Siku ile nahodha alikopa dogo kwenye mtumbwi wa jirani, tukachelewa nusu saa, na minong'ono ikawepo.

"Wangu anajua kuogelea"

Amejifunza kwenye bwawa la hoteli, maji yametulia, baba amesimama kando na soda. Mto hausimami. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na tani hiyo inasukuma. Maji yanayokufika wewe magotini yanamfika wa miaka minne karibu na kiunoni, na akishateleza hainuki tena. Vile vya kupuliza vya kuvaa mikononi ni vya kuchezea. Vinachomoka.

Halafu tunasubiri kelele. Kwenye sinema anayezama anapunga mikono na kuita. Mtoto anayezama kweli mara nyingi haiti, maana hana pumzi ya kuitia. Kinywa kinazama na kuibuka, na katika muda usiozidi dakika moja anaweza kuwa ametoweka. Unaweza kuwa hatua tano kutoka kwake ukadhani anacheza. Ndiyo maana kwetu kuna zamu. Mtu mzima mmoja, kwa jina, kazi yake ni kutazama watoto tu, simu imewekwa begini. Tukisema "tunawaangalia wote", hakuna anayeangalia.

Jambo moja wafundisheni wakiwa bado nchi kavu, hata sebuleni kwenye mkeka: ukichukuliwa na maji usijaribu kusimama. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakukandamiza kifudifudi. Lala chali, vidole vya miguu juu, miguu ikitangulia. Wangu wameigeuza kuwa mchezo wa kusukumana sebuleni na wameshanivunjia bilauri mbili. Na viatu viwe vya mikanda. Ndala na mawe ya mto Kiwira yaliyoota ukoga havipatani.

"Kushuka mto kwa boti ya mpira si kwa watoto," au kinyume chake, "penye mto pote panafaa"

Zote mbili nimezisikia kwenye meza moja. Wanaofanya shughuli hii wanaipanga mito kwa madaraja sita ya ugumu. La kwanza ni maji yanayotembea na viwimbi vidogo. La sita ni mahali ambapo hata mabingwa wanaweza kufa. Zambezi chini ya Maporomoko ya Victoria ina vipande vya daraja la tano, na watoto wadogo hawachukuliwi. Jinja, kwenye Nile kule Uganda, kuna mawimbi makubwa ya watu wazima, lakini zipo pia safari za familia kwenye vipande vitulivu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye boti ni hili: kipande hiki ni daraja la ngapi, na leo maji yako wapi? Mto uleule wa daraja la pili mwezi wa tisa unaweza kuwa kitu kingine kabisa mwezi wa tatu.

Huku kwetu wageni wanaiona Kiwira ikipiga kelele kati ya migomba wanadhani ni ya kuteleza nayo. Nendeni Kijungu mkajionee: mto mzima unajibana kwenye mwamba na kuzama kwenye shimo kama chungu. Hapo pa kutazama, mtoto ameshikwa kifundo cha mkono, si vidole. Vidole vyenye maji vinachomoka. Daraja la Mungu ni vilevile: mwamba wa volkano uliojijenga juu ya mto wenyewe, mzuri sana, na hauna ukingo. Wanaotaka watoto waguse maji, ziwani Nyasa karibu na ufuko, asubuhi. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini unaweza kuyakoroga maji ghafla. Na kaeni mbali na midomo ya mito inayoingia ziwani. Huko kuna mamba. Waulizeni wavuvi, wao wanajua wiki hii yuko wapi.

"Mkaa ukishaiva hauna sumu, sumu iko kwenye moshi"

Hii inaniogopesha kuliko mto wowote. Uwanda wa Kitulo, huko Makete, uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Maua yanayoufanya uitwe Bustani ya Mungu yanachanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, lakini familia nyingi zinakwenda likizo ya Juni, ambapo usiku barafu inalala kwenye majani na asubuhi nyasi ni nyeupe kama zimenyunyiziwa unga. Mtu aliyetoka Dar es Salaam na sweta moja anafika saa kumi na mbili jioni, anawaona watoto wanatetemeka, na kando ya hema kuna jiko lenye makaa mekundu, mazuri, hayana moshi hata kidogo. Analiingiza ndani. Kwao bibi alikuwa anafanya hivyo chumbani miaka yote.

Mkaa mwekundu unaendelea kutoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Inaikamata damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko hewa tunayoihitaji, na mtoto anapumua haraka kuliko wewe, hivyo inamfikia mapema. Hema si chumba cha bibi chenye mwanya chini ya bati. Ni nailoni na zipu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi mzito. Sasa mtoto aliyekimbia kutwa nzima, saa mbili usiku anaonekanaje? Hivyohivyo. Unamfunika vizuri na kumtakia usiku mwema.

Jiko libaki nje, hata likiwa linazimika, hata mvua ikinyesha, na lisikae kwenye mlango wa hema pia. Joto litafuteni chini, maana ardhi ndiyo inayowaibia: sponji au mikeka miwili chini ya mtoto ina faida kuliko blanketi la tatu juu yake. Nguo za kulalia ziwe kavu na hazijavaliwa kutwa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvikwa soksi iwekwe miguuni. Kofia kichwani. Wadogo katikati, wazazi pembeni.

"Maji ya mlimani ni safi, na huku hakuna malaria"

Juu ya kijito chochote kuna ng'ombe au kuna mtu. Chemsheni. Kitulo maji yanachemka kwenye nyuzijoto 91 hivi badala ya 100, kwa hiyo yaacheni yatokote dakika tatu kamili. (Maharage nayo yanaweza kuwakatisha tamaa. Yalowekeni tangu usiku, au bebeni mchele.) Malaria ni kweli ni haba Makete na Njombe, lakini mkishuka Tukuyu kwenda Kyela, ndani ya saa chache mmeporomoka zaidi ya mita elfu moja mpaka ufuko ulio chini ya mita 500, kwenye joto na mbu wake. Kwenye hifadhi ya Ruaha nako wapo. Chandarua kinawekwa kwenye gari hata kama safari inaanzia kwenye baridi, na homa baada ya kurudi ni ya kupimwa siku hiyohiyo.

"Zungushia mafuta ya taa, nyoka hapiti"

Nyoka anapita. Kinachobaki ni hema lililozungukwa na mafuta ya kuwaka, na chupa ya maji ya kunywa iliyobebewa mafuta ya taa, ikisubiri mtoto mwenye kiu. Akinywa, msimtapishe, yakiingia kwenye mapafu ndiyo yanaumiza zaidi. Fungeni zipu muda wote, kung'uteni viatu asubuhi, tembeeni na tochi. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi, hakazwi kamba, jiwe jeusi halimvuti sumu. Mguu unatulizwa usitikisike na safari ya hospitali inaanza.

Kwa Ruaha kuna la ziada: machungwa yasilale ndani ya hema, tembo anayanusa. Na msipige hema kwenye mchanga mkavu wa mito kama Mwagusi, hata mbingu ikiwa safi. Mvua iliyonyesha mbali hainyeshi kwenu, ila maji yake yanakuja.

"Maji yanayotembea hayana kichocho"

Katikati ya mkondo, pengine. Watoto hawachezi katikati. Wanacheza pembeni kwenye majani, ambako konokono wanaobeba vimelea vya kichocho wanakaa, na ziwa Nyasa linalo kichocho. Kuwashwa kwa ngozi kunaweza kutokea au kusitokee. Msikimbilie maabara siku ya pili ya kurudi, mayai ya vimelea hayajaanza kuonekana. Subirini wiki sita hadi nane hivi. Mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ambapo mayai huwa mengi, baada ya mtoto kurukaruka kidogo. Hilo la kurukaruka, kwa wangu, halikuhitaji kusemwa.